Tohara na Sala ya Asiyeweza Kuzuia Mkojo

 

Miongoni mwa maradhi ambayo watu huona haya kuyataja ni kutokwa na mkojo bila ya kuweza kuuzuia. Mafakihi huyaita salasul-bauli. Huwapata wanaume kwa kukua tezi dume, na wanawake baada ya uzazi, na huwapata wenye kisukari na waliopatwa na kiharusi. Si dhambi wala si aibu, bali ni mtihani.

Na uchukuliwe mfano wa mzee wa Maskati aliyezoea kusali safu ya kwanza. Siku moja kanzu yake ikalowa msikitini. Tangu hapo akaacha jamaa, kisha akapunguza maji ya kunywa, na mwisho akaanza kujiuliza: sala gani hii yenye najisi? Mzee huyu amekosea mahali patatu.

Kosa kubwa ni kudhani kuwa sala yake haisihi. Mwenyezi Mungu amebainisha katika Suratil-Hajj, aya ya 78, kuwa hakuweka uzito katika dini, na katika Suratil-Baqara, aya ya 286, kuwa nafsi haikalifishwi ila liwezekanalo. Na Bibi Fatima binti Abi Hubaish alipomshitakia Mtume (S.A.W.) damu isiyokatika, hakumwachisha sala, alimjuulisha kuwa ule ni mshipa, si hedhi, na akamwamrisha ajikoshe damu na asali. Wanavyuoni wamemkisia naye mwenye salasul-bauli. Hukumu zake ni hizi:

1. Ukiwapo muda ambao mkojo hukatika kwa kadiri ya kutawadha na kusali, asali katika muda huo.
2. Usipokatika, uingiapo wakati wa sala ajikoshe kwa maji, abadilishe kinga, atawadhe, na asali bila ya kukawia. Kitakachomtoka baadaye katika sala hiyo hakimdhuru. Kwa sala nyingine atarejea hivyo hivyo.
3. Ikimwia tabu, ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Na akiwa mjini kwake atatimiza rakaa zote.
4. Haimlazimu kukoga mwili mzima, kwani mkojo hauwajibishi josho.
5. Asiwasalishe walio wazima.

Kosa la pili ni kuacha maji. Joto la Maskati wakati wa kiangazi huvuka digrii 40, na mkojo mzito hukichoma kibofu ukazidisha haja. Lililo sawa ni kupunguza kahawa na chai, khasa usiku, na kwenda chooni kwa saa maalumu kabla ya kubanwa. Na amwendee tabibu, kwani tezi, sukari na maambukizo ya mkojo yana matibabu, na wako wanaopata nafuu kwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga.

Kosa la tatu ni kuuhama msikiti. Katika maduka ya dawa hupatikana pedi, nepi za watu wazima, na mifuko ya mkojo ifungwayo mguuni. Achague ya kiasi chake, kwani iliyo kubwa huvuja na iliyo ndogo hukwaruza. Ikilowa ibadilishwe, na ngozi ikoshwe, ikaushwe, na ipakwe mafuta ya kuikinga isichubuke. Kinga ikizuia, na aende msikitini. Isipozuia, asali nyumbani, na kwa nia yake malipo hayampotei, inshallah.

Ama jamaa zake, wajue kuwa Suratil-Israa, aya ya 23, imekataza hata neno dogo la kuchukizwa na wazazi. Kukunja uso, kuziba pua na kumhadithia mgeni ni katika hayo. Mume na mke wahudumiane. Baba ahudumiwe na wanawe wa kiume, na mama na binti zake. Haifai wana kukaa barazani na mtumishi wa kike akaachiwa kumtwaharisha baba yao, hali wao wana uwezo. Asipopatikana ila wa jinsia nyingine, dharura hukadiriwa kwa kiasi chake: mikono ivishwe glovu, uchi ufunikwe kitambaa, na macho yainamishwe.

Kila mmoja wao alikoshwa utotoni na wala hakusimangwa. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape subira wanaowahudumia. Amin.