Baruti na Hesabu ya Zama

Katika darasa yetu kijana mmoja alituuliza: Sisi watu wa pwani tulifika na bunduki zetu bara kabla ya Mzungu, mbona tulitawaliwa sawasawa na wale waliokuwa na mikuki? Suali hili ni zito, na jawabu yake tumeiona katika khabari za Kisumu na jirani zake.

Misafara ya wafanya biashara wetu ilifika Wanga, kaskazini ya Kisumu, kwa Nabongo Mumia, ikitafuta pembe. Na magobori yao yakamsaidia kuwashinda jirani zake. Hapo wazee wetu wakajiona wametangulia zama. Walakini aghalabu ya bunduki na baruti ile ilitoka Ulaya na Marekani kwa njia ya Unguja. La kusikitisha ni kuwa elimu yenyewe ilikwisha pita mikononi mwa Waislamu: baruti ilizuka Uchina yapata karne ya 9, na yapata mwaka 1280 Hasan al-Rammah wa Sham aliandika namna ya kuisafisha shura ya kutengenezea baruti.

Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Disemba 1901. Wanandi, waliopakana na njia hiyo, husimulia kuwa mganga wao mkuu Kimnyole alitabiri joka litemalo moshi. Basi treni ilipokuja wengi waliiona ni jambo lililokwisha andikwa. Hata hivyo hawakukaa kitako. Walizing'oa nyaya za simu na vyuma vya reli, wakavifanya mapambo na silaha. Hawa hawakuwa wajinga wa chuma. Walichokosa ni baruti. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel, mwana wa Kimnyole, aliuawa na Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa sulhu. Mwaka huo huo, huko Tanganyika, wapiganaji wa Maji Maji waliamini dawa itageuza risasi kuwa maji. Tusiwacheke: ni wangapi kwetu waliofunga hirizi ya risasi?

Tulimjibu kijana hivi. Mwenye gobori la kununua ni mteja tu. Wakati yeye anashindilia baruti mdomoni mwa mtutu, Ulaya imekwisha songa mbele: mwaka 1884 Hiram Maxim aliunda bunduki itoayo risasi zipatazo 600 kwa dakika. Na mwaka 1890, kwa mkataba wa Brussels, mataifa yale yakapatana kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe sehemu kubwa ya Afrika. Muuzaji alifunga duka, na mteja hakuwa na karakana.