Dondoo muhimu: Mwanao yuko melini, wewe uko Sumbawanga

Kamandi ya Wanamaji ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ina makao yake Kigamboni, Dar es Salaam, mbali sana na Ufipa iliko Sumbawanga. Umbali huo usivunje undugu.

• Ukimya usikutishe. Meli ikitoka pwani, simu hukosa mtandao. Tuma ujumbe wa sauti hata kama hapatikani. Akirudi bandarini atausikia. Mweleze mambo ya kawaida: mvua imeanza, ng'ombe amezaa, mdogo wake amefaulu.

• Tunza siri ya safari. Tarehe ya kuondoka, meli inakoelekea na picha zake zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

• Andika daftarini namba yake ya jeshi, cheo na kikosi. Ukifika msiba au ugonjwa mzito, taarifa ipite kikosini kwake.

• Panga fedha mapema. Mbolea na mbegu zijadiliwe kabla ya Novemba, asije akapokea maombi kumi siku anayotia mguu nchi kavu.

• Kifurushi kiwe kikavu. Unga wa ulezi, maharage na dagaa wa Kirando waliokauka vizuri husafiri salama kwa basi. Funga mara mbili, andika jina na namba ya simu ya mpokeaji aliye nchi kavu.

• Mjali mkewe au mumewe. Anayebaki na watoto anahitaji kutembelewa na kusaidiwa kulima.

• Akija likizo, mwache alale kwanza. Vikao vya ukoo vitasubiri siku mbili.