Jua Haki Zako: Grenda Mpya Inapokufa Siku za Mwanzo

Mnunuzi wa grenda, drili, randa ya umeme au msumeno wa umeme katika maduka ya vifaa vya ujenzi jijini Arusha huondoka dukani na mashine yake, risiti na, pale inapotolewa, kadi ya waranti, yaani ahadi ya maandishi ya mtengenezaji au muuzaji kwamba kasoro zitakazojitokeza ndani ya muda uliotajwa zitarekebishwa. Mashine hiyo inapotoa moshi au kuzimika moja kwa moja siku chache baadaye, mabishano ya dukani karibu yote huizunguka kadi hiyo: ipo au haipo, muda wake ni miezi sita au wiki moja, inahusu mota au haihusu. Mabishano ya namna hiyo huanzia mahali pasipo pake, kwa sababu haki ya msingi ya mnunuzi haitokani na waranti bali inatokana na sheria, nayo ingekuwapo hata kama kadi isingetolewa kabisa.

Sheria inayohusika kwanza ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyotungwa enzi za utawala wa Waingereza kwa kufuata sheria yao ya mwaka 1893. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinaingiza katika mkataba wa mauzo masharti mawili ambayo pande mbili hazikuyatamka wala kuyaandika. La kwanza ni kwamba mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia, huku akitegemea ujuzi wa muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, bidhaa atakayopewa lazima ifae kwa matumizi hayo kwa kiwango cha kuridhisha. La pili ni kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo yake na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora unaostahili kuuzwa, maana yake iwe katika hali ambayo mtu mwenye akili timamu, akiijua kasoro yake, bado angeikubali kwa bei ile. Grenda mpya ambayo mota yake inaungua katika wiki ya kwanza ya kukata mabomba ya kawaida ni vigumu kusemwa kuwa imetimiza sharti lolote kati ya hayo.

Masharti hayo yana mipaka ambayo mnunuzi anapaswa kuijua kabla ya kutoa fedha. Anayeingia dukani na kutaja chapa na namba ya modeli anayoitaka, bila kuomba ushauri, hudhoofisha sharti la kufaa kwa matumizi, kwa kuwa sheria humhesabu kuwa amejichagulia mwenyewe. Kwa hiyo fundi wa eneo la Unga Limited anayeeleza kwamba mashine itatumika kuchonga mageti kutwa nzima, kisha akachukua ile aliyoshauriwa na muuzaji, amejijengea ulinzi mkubwa kuliko yule aliyenyoosha kidole kwenye rafu na kunyamaza. Vilevile mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha, kama vile kifuniko kilichopasuka au swichi isiyoshika, lakini ile desturi ya kuiwasha mashine dukani kwa dakika moja haimfungi kuhusu kasoro iliyojificha ndani ya koili, ambayo hujitokeza tu mashine inapobeba mzigo wa kazi.

Yapo maneno yanayochapishwa kwenye risiti nyingi kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na wananchi wengi huyachukulia kana kwamba ni amri ya serikali. Ni kweli kwamba Sura ya 214 inaruhusu pande mbili kukubaliana kuyaondoa masharti yaliyotajwa hapo juu, lakini makubaliano hufanyika kabla au wakati wa kuuziana, na karatasi inayotolewa baada ya fedha kupokelewa haiwezi kwa urahisi kubadili mkataba uliokwisha kukamilika. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, ijulikanayo kwa kifupi kama FCC, humlinda mlaji dhidi ya muuzaji anayejaribu kujivua wajibu, na humkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu ubora wa bidhaa au kuhusu haki alizonazo. Hapa, hata hivyo, ipo tofauti yenye uzito mkubwa kwa mafundi: sheria hiyo haimhesabu kuwa mlaji mtu anayenunua kitu ili kukitumia katika kutengeneza bidhaa za kuuza. Mkulima wa Ngaramtoni aliyenunua drili kwa matengenezo ya nyumbani kwake ni mlaji. Seremala anayetengeneza milango ya kuuza anaweza kuambiwa kwamba si mlaji, na ngome yake ikabaki Sura ya 214, ambayo humtambua kila mnunuzi bila kujali kazi yake. Tofauti hiyo haina haki ndani yake kwa fundi mdogo ambaye mashine moja ndiyo mtaji wake wote, na ingefaa itazamwe upya.

Jambo linalowapotezea watu haki zao kuliko yote ni muda. Mnunuzi ana haki ya kuikataa bidhaa na kudai fedha zake zote mpaka pale atakapohesabiwa kuwa ameipokea kisheria, na kupokea kisheria ni tofauti na kuibeba kwenda nyumbani: hutokea anapotamka kwamba ameikubali, anapoitendea kama mali yake kwa namna isiyopatana na umiliki wa muuzaji, au anapokaa nayo kwa muda wa kutosha bila kutoa taarifa ya kuikataa. Kesi ya Uingereza ya mwaka 1987, Bernstein dhidi ya kampuni ya Pamson Motors, inaonyesha ukali wa kanuni hii, kwani gari jipya ambalo injini yake ilikwama baada ya takribani wiki 3 na mwendo wa maili 140 hivi lilionekana kweli kuwa halikuwa na ubora unaostahili, lakini mnunuzi alielezwa kwamba muda wa kulikataa ulikuwa umepita, akabaki na haki ya fidia tu. Uamuzi wa namna hiyo hauzifungi mahakama za Tanzania, ingawa huweza kuzishawishi kwa sababu sheria zina asili moja, na busara ni kuhesabu muda kwa siku badala ya miezi.

Kwa sababu hiyo, taarifa itolewe siku ileile kasoro inapoonekana, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, ikitaja tarehe ya ununuzi, kasoro na kwamba mnunuzi anaikataa mashine. Sheria haimlazimishi aliyeikataa bidhaa kihalali kuirudisha dukani kwa gharama yake isipokuwa walikubaliana hivyo. Kumjulisha muuzaji kunatosha, jambo lenye faida kubwa kwa mtu aliyeko Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru. Mnunuzi anayekubali mashine itengenezwe kwanza aandike kwamba haki yake ya kuikataa inabaki palepale iwapo matengenezo yatashindikana. Kadhalika asiifungue mwenyewe wala kumpa fundi wa jirani aifungue, kwa kuwa skrubu zilizoguswa humpa muuzaji hoja ambayo hakuwa nayo.

Hoja ya kawaida ya muuzaji ni kwamba umeme ndio ulioiua mashine, au kwamba ilifanyishwa kazi kupita uwezo wake. Hoja hiyo huwa ya kweli mara nyingine, kwa kuwa umeme wa nchini ni volti 230 na hezi 50, na mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani la volti 120 huungua mara inapochomekwa, huku waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia ukipunguza volti na kuichosha mota. Lakini hoja inahitaji ushahidi, na mota yenyewe hutoa ushahidi huo: iliyozidiwa na mzigo mara nyingi huungua koili zote kwa usawa, ilhali yenye kasoro ya kiwandani huweza kuungua koili moja tu na nyingine zikabaki safi. Uchunguzi ufanywe na mtaalamu asiye na maslahi, na Arusha ina bahati ya kuwa na watu wa aina hiyo katika Chuo cha Ufundi Arusha na katika TEMDO, taasisi ya umma ya uhandisi na usanifu wa mitambo, ambao maoni yao ya maandishi yatakuwa na uzito kuliko kauli za pande mbili.

Risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yaani EFD, ambayo kisheria mnunuzi ana wajibu wa kuidai, ndiyo uthibitisho wa kwanza wa mauzo, na kwa kuwa wino wake hufifia ni vyema ipigwe picha mapema. Asiyekuwa nayo bado anaweza kutumia ujumbe wa malipo ya simu, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hiyo. Iwapo mashine inaonekana kuwa bandia, yaani imebandikwa chapa isiyo yake, malalamiko yapelekwe FCC, na pale usalama au kiwango kinapotiliwa shaka, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lijulishwe. Taasisi hizo huchukua hatua dhidi ya muuzaji, lakini fedha za mnunuzi kwa kawaida hudaiwa kwa njia nyingine.

Njia hiyo ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai yatokanayo na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, huendeshwa kwa Kiswahili na haimlazimu mdai kuwa na wakili. Kabla ya kufungua shauri, mdai ampelekee muuzaji barua ya madai yenye muda maalumu wa kujibu, na abaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Anayedaiwa ni duka lililouza, kwa kuwa ndilo lililofunga mkataba, na kumwelekeza mnunuzi kwa wakala wa Dar es Salaam au kwa kiwanda cha ng'ambo hakuliondolei wajibu huo. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na mdai aliyeshinda lakini hajalipwa hurudi katika mahakama ileile kuomba kukazia hukumu, yaani amri ya kukamata na kuuza mali ya mdaiwa mpaka deni litakapotimia.