Shampeni Chachu: Je, Imeharibika?

*Kwenye sherehe ya rafiki yetu tulifungua shampeni. Nusu ilimwagika, iliyobaki ilikuwa chachu mno, na glasi moja tu ilinipanda kichwani. Je, ilikuwa imeharibika? Msomaji, Arusha*

Huenda kinywaji cha msomaji huyu hakikuwa na kasoro yoyote. Shampeni hutoka eneo la Champagne, Ufaransa, ambako baridi huzifanya zabibu zibaki na uchachu. Tena chupa iliyoandikwa "brut" haizidi gramu 12 za sukari kwa lita. Apendaye utamu atafute "demi-sec", yenye gramu 32 hadi 50.

Kumwagika husababishwa na joto au kutikiswa, kwani gesi iliyomo husukuma kwa nguvu kuliko upepo wa tairi la gari dogo. Chupa ipozwe hadi nyuzi 8 au 10, iinamishwe mbali na nyuso za watu, kizibo kishikwe imara kwa kiganja, kisha chupa yenyewe ndiyo izungushwe, taratibu.

Na kulewa upesi? Mapovu mara nyingi huharakisha pombe kuingia kwenye damu. Ale kwanza, anywe kidogo kidogo, asiendeshe gari.

Kizibo kikimpiga mtu jichoni, asilisugue. Awahi hospitali siku hiyohiyo.