Matembezi ya Familia na Mlo wa Mtoto
Kijitabu cha kaya kwa wazazi na walezi wa watoto chini ya miaka mitano

Jumapili au siku ya Idi, familia nyingi za Dar es Salaam huelekea Coco Beach. Watoto huvalishwa nguo mpya, chakula hufungashwa, na pesa ya mihogo na maji huwekwa kando. Mara nyingi tumbo huanza kusumbua usiku, wengine wakishalala, na lawama zote huenda kwa muuzaji wa barabarani. Lakini wali wa nyumbani uliokaa saa nne kwenye kopo nao unaweza kumwumiza mtoto. Kabla ya kuuliza nani amekipika chakula, uliza: kiliepuliwa lini, kimeshikwa na mikono gani, na maji yake yametoka wapi?

1. Hesabu muda tangu sufuria ilipoepuliwa

Vijidudu huzaana kwa kasi chakula kisipokuwa baridi sana wala cha moto sana, yaani kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Ndiyo maana chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Joto likipita nyuzi 32, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam mchana wa Januari na Februari, kisizidi saa 1.

Tuchukue mfano. Pilau imeepuliwa saa tatu asubuhi. Mmesubiri daladala, mmefika ufukweni saa tano, watoto wamecheza, na mnafungua kopo saa saba. Pilau hiyo ina umri wa saa nne. Kuipasha upya hakutaiponya, kwa sababu baadhi ya vijidudu vya kwenye wali huacha sumu isiyokufa kwa moto.

Fanya hivi:

- Pika mwishoni kabisa, mkikaribia kutoka.
- Pakua kikiwa cha moto sana, moja kwa moja kwenye hotipoti iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Ukifungua na mvuke bado unatoka kwa wingi, mtoto ale. Kikiwa vuguvugu na saa zimepita, kimwage.
- Uji uende kwenye chupa ya chai. Mmiminie mtoto kiasi anachomaliza. Alichobakiza kikombeni kisirudishwe kwenye chupa.
- Kama safari ni ndefu, chagua vyakula vinavyostahimili: ndizi mbivu, machungwa, parachichi lisilokatwa na mkate.

2. Kila umri na chakula chake

*Chini ya miezi 6:* maziwa ya mama pekee, hata jua likiwa kali. Maziwa hayo kwa sehemu kubwa ni maji, hivyo mtoto akisikia kiu, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Usimpe maji wala maji ya dafu.

*Miezi 6 hadi 8:* milo 2 hadi 3 kwa siku, laini na mizito kiasi cha kutotiririka kwenye kijiko, pamoja na kunyonya.

*Miezi 9 hadi 23:* milo 3 hadi 4, na asusa mara 1 au 2 kati ya milo. Safari isiondoe mlo: ukijua mtatoka saa nne, mlishe kabla ya kutoka.

Asali isimguse mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Maziwa ya ng'ombe au mbuzi yachemshwe kwanza. Chai ya rangi hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka kwenye chakula, kwa hiyo haifai kuwa kinywaji cha mtoto mdogo. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari ya takribani vijiko 9 vya chai. Shangazi akiishika tayari kumpa mtoto, mwambie kwa upole: "Shangazi, asante sana. Huyu tumemletea maji yake, naomba umnyweshe wewe." Shangazi atabaki na heshima yake ya kumhudumia mtoto, na soda itabaki kwa watu wazima.

3. Mkinunua njiani

Muhogo, samaki au mshikaki unaotoka motoni mbele ya macho yako ni salama kuliko ulio kwenye sinia tangu asubuhi. Usione haya kuomba: "Kaka, nisubirie ile inayotoka karaini sasa hivi." Nyama iwe imeiva hadi ndani, bila wekundu. Yai la chipsi liwe limeshikana kabisa.

Kachumbari, matunda yaliyokwisha kukatwa, juisi ya kupimwa kwenye glasi na barafu vina hatari zaidi, kwa sababu hujui maji yake. Kama chakula hakijapikwa na hakina ganda la kumenya mwenyewe, mtoto asionje.

4. Mikono na maji

Beba kipande cha sabuni na dumu dogo la maji ya kunawa. Mmoja amimine, mwingine anawe, maji yatiririke. Beseni moja la kunawia familia nzima hugawa uchafu. Naweni kabla ya kula au kulisha, baada ya choo, na baada ya kumbadilisha mtoto nepi.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa, yaende kwenye chupa safi. Kila mtoto awe na kikombe chake.

5. Mtoto akisakamwa

Karanga, bisi, pipi ngumu, mahindi ya kuchoma na nyama ya mapande ni hatari kwa wadogo. Samaki mchambue miiba kwa vidole vyako. Mtoto ale ameketi, asile akikimbia wala ndani ya gari linalorukaruka.

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua:

- *Chini ya mwaka 1:* mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa chini, umpige mara 5 mgongoni katikati ya mabega. Mgeuze, umkandamize kifua mara 5, katikati, chini kidogo ya usawa wa chuchu.
- *Zaidi ya mwaka 1:* mpige mgongoni mara 5 akiwa ameinama, kisha mkumbatie kwa nyuma na uvute ngumi ndani na juu mara 5, kati ya kitovu na chembe cha moyo.

Rudia kwa zamu hadi kitoke, huku mwingine akitafuta msaada. Usichokonoe koo kwa kidole kama huoni kitu.

6. Majini

Mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa mlinzi wa watoto, simu ikiwa mfukoni, na awe umbali wa kumfikia mtoto kwa mkono. Mtoto mdogo huzama hata kwenye maji ya magotini, na huzama kimya. Mkiwa wengi bila aliyepewa zamu, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

7. Akiharisha mkirudi

Changanya pakiti ya ORS kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1 ya maji safi. Baada ya saa 24 mwaga, changanya nyingine. Kila akiharisha, mtoto chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100, na mkubwa zaidi 100 hadi 200, kidogokidogo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Avimalize hata kama kuhara kumekoma.

Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata usiku, ukiona:

- hawezi kunywa wala kunyonya;
- anatapika kila anachopewa;
- amelegea mno au haamki vizuri;
- amepata degedege;
- macho yamedidimia, au kuna damu kwenye choo.

Homa nayo ipimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama wote mnaamini ni "chakula cha jana". Njiani kuelekea kituoni, endelea kumpa ORS kwa kijiko kama anaweza kumeza.