Sarafu za Mtoto na Kisima cha Angolo

Mtoto wako wa Darasa la Tatu akirudi nyumbani akasema, "Mama, mwalimu amesema tulete mchango wa kusaidia watoto wa mbali," utamjibu nini? Wengi wetu tunauliza neno moja tu: shilingi ngapi? Leo tujifunze kuuliza na mengine.

Hayo mengine ndiyo shule za nchi nyingi siku hizi zinayaita elimu ya uraia wa dunia. Uraia wa dunia si kitambulisho wala pasipoti. Ni kumfundisha mtoto kwamba watu wa mbali ni watu kama yeye, na kwamba maisha yake na yao yanagusana. Mwaka 2015 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana malengo ya maendeleo ya kufikia mwaka 2030. Elimu hii imetajwa humo, katika lengo la nne.

Tuchukue mfano wa kweli. Ulianzia Kanada, ukafika kwa majirani zetu Uganda.

Mwezi Januari 1998, katika mji mdogo wa Kemptville, mwalimu wa Darasa la Kwanza aliwaambia watoto kwamba katika Afrika wapo wenzao wanaougua na kufa kwa kukosa maji safi. Akawatajia bei ya vitu vinavyoweza kusaidia. Kisima, alisema, ni dola 70. Mtoto mmoja wa miaka sita, Ryan Hreljac, akaenda nyumbani kuomba dola 70.

Wazazi hawakumpa. Walimwambia afanye kazi za ziada za nyumbani, alipwe kidogo kidogo. Akasafisha madirisha, akafanya na kazi nyingine. Ilimchukua miezi minne kuzipata zile dola 70.

Mimi nawasifu wazazi hao. Wangempa noti, angeipeleka shuleni asubuhi, na jioni angekuwa amesahau. Fedha ya mzazi ikipita mkononi mwa mtoto kwenda kwenye kopo la mwalimu, aliyechangia ni mzazi. Mtoto amekuwa tarishi tu.

Ryan alipopeleka fedha kwa shirika la maji mjini Ottawa, aliambiwa jambo jipya. Dola 70 ni bei ya pampu ya mkono. Kuchimba kisima chenyewe ni dola 2,000.

Hebu chukua kalamu. Gawanya 2,000 kwa 70. Utapata 28 na kitu juu. Sasa zidisha 28 kwa miezi minne. Ni miezi 112, yaani zaidi ya miaka 9. Kwa mwendo ule ule, mtoto yule wa miaka sita angemaliza akiwa kijana wa miaka 15! Kumbe bei aliyoisikia darasani haikuwa kamili. Lakini waliomweleza ukweli hawakumficha kitu kwa sababu ni mtoto. Naye alijibu kwamba basi atafanya kazi zaidi.

Habari zake zikaenea, watu wakachangia. Tena serikali ya Kanada, kwa mpango wake wa misaada, ilikuwa inaongeza dola 2 juu ya kila dola 1 iliyochangwa. Kwa hiyo dola 700 za wananchi huvuta 1,400 za serikali, jumla 2,100. Kisima kilichimbwa mwaka 1999 katika Shule ya Msingi Angolo, kaskazini mwa Uganda, mahali ambapo watu walikuwa wakitegemea maji ya kinamasi. Mwaka 2000 Ryan alifika Angolo mwenyewe na wazazi wake, akayanywa maji yale. Baadaye familia yake ilianzisha shirika, nalo limesaidia mamia ya visima na vyoo katika nchi mbalimbali.

Kitu kinachonipendeza zaidi katika habari hii ni barua. Watoto wa Kemptville na watoto wa Angolo waliandikiana. Ryan aliandikiana na mvulana anayeitwa Jimmy Akana. Mpaka hapo watoto wa Angolo walikuwa "watoto wa Afrika" basi. Kwa barua wakawa na majina. Na vita vya waasi vilipomfikia Jimmy, akatekwa na akafaulu kutoroka, Kanada kulikuwa na watu wanaomjua. Mwaka 2003 alipokelewa na familia ya Ryan, akakaa nao.

Sasa tuseme ukweli, maana sisi wa vijijini ndio mara nyingi tunaopigwa picha. Picha za kuombea michango unazifahamu. Mtoto ana kamasi na inzi, hana jina, hana mama. Mama yupo hapo hapo pembeni anatwanga, lakini mpiga picha hakumtaka! Mtoto wa Ulaya au Kanada akiona picha hiyo kila mwaka, hujifunza nini? Hujifunza kwamba yeye ni mtoaji na sisi ni wapokeaji, siku zote. Hiyo ni huruma, wala si vibaya kuwa na huruma. Lakini uraia wa dunia bado hajaujua.

Na si kweli kwamba mkono wa kutoa uko upande mmoja. Mwaka 2002 Wamaasai wa kijiji cha Enoosaen, Kenya, walisimuliwa na kijana wao aliyekuwa akisoma Marekani habari za watu waliouawa mjini New York tarehe 11 Septemba 2001. Wazee wakatoa ng'ombe 14 kuwapa pole Wamarekani. Mwanabalozi wa Marekani alisafiri mpaka kijijini kuwapokea. Ng'ombe hawakuweza kusafirishwa, wakabaki kuchungwa huko huko. Lakini zawadi ilikuwa imetolewa, na aliyepewa ni nchi tajiri. Mwambie mtoto wako habari hiyo pamoja na ile ya Ryan. Asisikie moja tu.

Jambo jingine ni kisima chenyewe. Pampu ya mkono ina mipira ndani inayovuta maji. Mipira huisha kwa kutumika, kama ndala. Siku ikikatika, aliyechangia yuko mbali, pengine yuko darasani. Anayetakiwa ni fundi wa karibu, mpira mpya, na kamati ya maji yenye akiba. Wale akina mama wanaotoa sarafu kila mwezi kwa ajili ya pampu nao ni wachangiaji, ingawa hakuna anayewapiga picha. Mwalimu anayefundisha watoto kuchangia kisima cha mbali, na awaambie pia nani atalipia mpira. Bila hivyo amewafundisha nusu.

Turudi kwenye shule zetu. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza walimu kuchangisha wanafunzi, na kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Wazazi wengi walishangilia, kwa sababu yapo maeneo ambapo neno mchango lilikuwa limegeuka kuwa ada. Mchango wa hiari maana yake mtu anaweza kusema "sina" na asiulizwe tena. Kwa mtoto ni vigumu sana kusema "sina" mbele ya wenzake, mwalimu akiwa anasoma majina. Kwa hiyo majina yasisomwe. Fedha zihesabiwe mbele ya kamati ya shule, ziandikwe, na watoto wasomewe hesabu hiyo. Asiye na sarafu anaweza kuandika barua, au kubeba maji ya kumwagilia bustani ya shule ambayo mboga zake zitauzwa.

Sasa fanyeni zoezi hili katika kikundi chenu cha kusoma.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliporomokea mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na nyumba nyingi ziliharibiwa. Tuseme darasa la watoto 40 linataka kuwasaidia wanafunzi waliopatwa na janga kama hilo. Watoto 25 wameleta shilingi 200 kila mmoja. Watoto 10 wameleta shilingi 100 kila mmoja. Watano hawakuleta fedha, wameandika barua. Kutuma fedha kumekula shilingi 500.

Je, zimebaki shilingi ngapi? Daftari moja likiwa shilingi 500, watapata madaftari mangapi? Nani wa kuulizwa kwanza kama ni madaftari wanayohitaji, au ni kitu kingine? Na jibu la zile barua tano likifika, nani atawasomea watoto wote 40?