Paka wanakufa mmoja baada ya mwingine: ni sumu au ni virusi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkazi wa Mikocheni B. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiokota paka wa mtaani, hasa watoto wanaotupwa kwenye mitaro na nyuma ya mabucha, hadi nikafikisha paka tisa nyumbani. Wiki mbili zilizopita nilimwongeza mtoto mmoja niliyemkuta kwenye boksi karibu na genge. Siku ya tatu aligoma kula, akatapika povu la njano, kesho yake akafa. Tangu hapo wamekufa wengine wawili, na wa tatu ameinamia bakuli la maji lakini hanywi. Jirani anasema kuna mtu anawatilia sumu. Duka la dawa wamenipa paracetamol na antibaiotiki nimpondee. Ninaishi na mdogo wangu ambaye ni mjamzito, na nina mtoto wa miaka mitatu. Huu ni ugonjwa gani? Unaambukiza watu? Na hawa waliobaki, niwarudishe mtaani? – Msomaji, Mikocheni B.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba huo.

Kabla hujasoma mbele, hiyo paracetamol itupe. Ini la paka haliwezi kuishughulikia kama la binadamu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, maana damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hubadilika rangi na kuwa kama wa matope, uso na miguu huvimba. Kama ulishampa hata nusu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii bila kungoja dalili, kwa kuwa matibabu yapo ila huhitaji kuwahiwa. Ibuprofen na diclofenac nazo zikae mbali naye.

Sasa ugonjwa wenyewe. Siwezi kumpima paka kwa barua, lakini maelezo yako yananielekeza kwenye panleukopenia, ambayo wengi huiita parvo ya paka. Mtoto mgeni anaingia, anaugua ndani ya siku chache, kisha wenyeji wanafuata. Wanatapika, wanaacha kula, wanalegea, wengine wanaharisha damu. Na ile hali ya kuinamia bakuli la maji bila kunywa inajulikana sana katika ugonjwa huu: paka ana kiu kali, lakini kichefuchefu hakimruhusu kumeza.

Virusi hivi hushambulia chembe za mwili zinazogawanyika haraka, nazo ziko nyingi kwenye utumbo na kwenye uboho wa mifupa. Utumbo ukiharibika, paka hupoteza maji na chumvi, na ukuta uliokuwa ukiwazuia bakteria wa tumboni unatoboka, nao wanaingia kwenye damu. Wakati huohuo uboho umeacha kutengeneza chembe nyeupe ambazo zingepambana na bakteria hao. Paka anapigwa pande mbili kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana watoto wasiochanjwa wanaweza kufa ndani ya saa chache tangu uone dalili ya kwanza, na wasipotibiwa wengi wao hawaponi.

Kasi hiyo ndiyo inayowafanya watu waseme sumu. Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu nimeona majirani wakivunjiana heshima kwa jambo lisilokuwepo. Sumu ipo, sikatai. Watu hutega panya, na paka hula panya aliyekwisha kula sumu. Lakini sumu nyingi za panya humfanya mnyama avuje damu: ufizi unakuwa mweupe, damu inatoka puani au anapumua kwa shida. Dawa za wadudu humfanya atokwe na mate mengi, atetemeke, mboni za macho zisinyae, na mara nyingi dalili huja ghafla akiwa hana homa. Panleukopenia huanza na homa na kulala kusiko kwa kawaida, halafu matapishi. Tena hupita kwa mpangilio: baada ya kuambukizwa, paka hukaa siku mbili hadi kumi kabla ya kuugua, hivyo vifo huja kwa mafungu. Ukirudi kwenye tarehe zako utaona zinakubaliana na ugonjwa kuliko na mkono wa mtu. Usimtuhumu yeyote mpaka kipimo kiseme.

Kipimo si jambo la mbali. Kliniki nyingi zinazotibu mbwa huwa na kipimo cha haraka cha parvo ya mbwa kinachotumia kinyesi, na kipimo hicho huweza kuonyesha hata virusi vya paka, kwa sababu ni ndugu wa karibu. Parvo ya mbwa yenyewe ilizuka mwishoni mwa miaka ya 1970 kutokana na virusi vya jamii hiihii, na mwaka 1978 ikaanza kuua mbwa katika nchi nyingi. Majibu yakisema hakuna, bado ugonjwa haujaondolewa shakani. Daktari ataangalia idadi ya chembe nyeupe za damu, nayo ikiwa chini sana picha inakamilika. Ikibidi kwenda zaidi, tunayo maabara kuu ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, pale Temeke, na mzoga uliowekwa kwenye baridi (usiugandishe) unaweza kueleza mengi. Mwachie daktari wako aamue sampuli gani iende.

Dawa ya kuua virusi hivi ambayo ningekuandikia sina, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo usimwamini. Tunachofanya ni kumshikilia paka akiwa hai mpaka uboho wake urudi kazini. Anahitaji dripu kurudisha maji, sindano ya kuzuia kutapika, antibaiotiki ya sindano kwa ajili ya wale bakteria waliovamia damu, joto, na chakula kidogokidogo mara tu matapishi yakitulia. Antibaiotiki ya kumeza uliyopewa dukani hata ingekuwa sahihi, kwa paka anayetapika inaishia sakafuni. Mpe mchuzi mwepesi wa samaki usio na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, maana vitunguu huharibu damu ya paka. Maziwa ya ng'ombe yatamzidishia kuhara. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye khanga na kuwekwa kando yake humsaidia mtoto aliyepoa. Akivuka siku ya tano, matumaini huwa makubwa, na akipona huwa na kinga ya miaka mingi. Mtoto ambaye joto lake limeshuka chini ya nyuzi 37 na hanyanyui kichwa ana nafasi ndogo. Daktari akikuambia ni afadhali alazwe kwa sindano asiteseke, msikilize. Huko pia ni kumtunza.

Lakini wewe una paka sita ambao bado wanaonekana wazima, na hao ndio ninaowahofia zaidi leo. Wanaweza kuwa tayari wameshaambukizwa. Wapeleke wakachanjwe mara moja, hata watoto wa wiki nne, kwa sababu wakati wa mlipuko hatungoji umri wa kawaida wa wiki sita hadi nane. Chanjo tunayotumia zaidi ni ya pamoja: inakinga panleukopenia na aina mbili za virusi vinavyoleta mafua makali ya paka. Watoto hurudia kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wafike wiki 16 hadi 20. Kurudia huko kuna sababu yake: kinga waliyopata kwenye dang'a ya mama huzima chanjo, na hakuna ajuaye siku hasa itakayoisha kwa kila mtoto. Paka mwenye mimba mtaje mapema kwa daktari, maana chanjo yenye virusi hai inaweza kudhuru ubongo wa watoto walio tumboni. Virusi vyenyewe hufanya hivyohivyo. Wale watoto wanaozaliwa wakiyumba na kuanguka kila wakipiga hatua, wengi hawakurogwa wala hawakudondoshwa, mama yao aliugua akiwa na mimba.

Wagonjwa wakae chumba chao, hata kama ni stoo au bafu la uani. Mhudumu awe mmoja, naye ahudumie wazima kwanza, wagonjwa mwisho. Awe na kandambili, dera au gauni, bakuli na dekio visivyotoka chumba kile. Virusi havirukii mbali hewani. Vinasafiri kwa kinyesi, matapishi, mikono, nyayo na vyombo. Tatizo ni kwamba vinaishi. Kwenye sakafu, nyufa na vitambaa vinaweza kukaa mwaka mzima vikimngoja paka asiye na kinga. Spiriti na vitakasa mikono haviviui, kwa hiyo nawa kwa sabuni na maji tiririka. Kinachoviua ni dawa ya klorini, ile Jik ya kufulia. Soma kibandiko: kama ina asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo ishirini vya maji kinatosha. Osha kwanza kwa sabuni uondoe kinyesi na mkojo wote, kwa sababu uchafu huiua nguvu Jik, na mkojo ukikutana nayo hutoa hewa inayochoma mapafu. Kisha paka mchanganyiko huo, acha dakika kumi pakiwa bado pabichi, suuza, fungua madirisha, paka wasirudi mpaka pakauke. Usitumie Dettol wala dawa yoyote inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa maji. Paka hulamba miguu yake na dawa hizo humdhuru. Mkeka, maboksi na magodoro ya sponji huwezi kuvitakasa, vichome. Mchanga au maranda ya kinyesi yafungwe kwenye mifuko miwili. Mzoga uzikwe kwenda chini sana, usitupwe mtaroni, maana mvua za Dar es Salaam zitaupeleka kwa paka wa mtaa wa pili.

Kuhusu watu wa nyumbani kwako, panleukopenia haiambukizi binadamu, mtoto wako yuko salama nayo. Vivyo hivyo virusi vinavyoitwa ukimwi wa paka: vipo, huenezwa zaidi kwa kung'atana, na havina njia ya kuingia kwa mtu. Mdogo wako mjamzito ana suala jingine, toksoplasma, kimelea ambacho paka, hasa mtoto anayekula panya na nyama mbichi, hukitoa kwenye kinyesi. Kimelea hicho huhitaji kati ya siku moja na tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo kinyesi kikitolewa kila siku na mtu mwingine, hatari hupungua sana. Si lazima ahame wala paka wafukuzwe. Aoshe mboga vizuri na nyama iive kabisa, kwa kuwa wengi hukipata huko jikoni. Kitu ninachotaka mkiogope nyote ni kichaa cha mbwa. Paka wa mtaani akimng'ata au kumkwaruza mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji tiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Paka wako waliofikisha miezi mitatu wachanjwe kichaa pia, wakishapona.

Umeuliza kama uwarudishe mtaani. Hapana. Aliyepona anaweza kuendelea kutoa virusi kwenye kinyesi hadi wiki sita, na anayeonekana mzima anaweza kuugua akiwa kwenye mtaro wa mtu mwingine. Utakuwa umetoa ugonjwa kwenye nyumba moja na kuugawa Mikocheni nzima, mpaka soko la samaki la Msasani. Virusi hivi havibagui jamii ya paka. Hata simba na chui huambukizwa. Na tunayo kumbukumbu yetu wenyewe: mwaka 1994 takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa, na mbwa wa vijijini wasiochanjwa ndio waliotazamwa kuwa chanzo. Tangu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipitishwe, kumtunza mnyama aliye mikononi mwako si hisani tu.

Najua neno litakalokuuma zaidi ni hili: acha kuokota kwa sasa. Moyo wako ni mwema na mtaa wako unauhitaji, lakini kila mtoto mpya asiye na kinga utakayemwingiza leo unamwingiza kwenye ugonjwa. Ukimwona mwenye shida, mtafutie mtu mwingine wa kumpokea, au zungumza na afisa mifugo wa kata. Na utakapoanza tena, pesa ya chanjo itangulie pesa ya chakula, na idadi iwe ile unayoweza kuichanja na kuifunga kizazi. Ninaamini paka wanne waliochanjwa na kufungwa kizazi wanausaidia mtaa kuliko kumi na tano waliorundikana.

Leo mpeleke huyo anayeinamia bakuli kliniki, ndani ya boksi lililofungwa, ukiwapigia simu kwanza ili wakupokee nje ya chumba wanachokaa wagonjwa wengine. Sita waliobaki wachanjwe, kisha uwaangalie kwa siku 14. Paka mpya asiingie nyumbani kwako mpaka awe amechanjwa na wiki mbili zimepita.